Kobe Aliyelishwa Anjera



Mgeni wetu wa mwaka 2022 hakubisha hodi. Aliingia nyumbani mwetu Hadado ndani ya kofia ya mwanetu wa pili: kobe mdogo wa kutosha kiganjani, mwenye gamba la manjano lililotapakaa madoa meusi. Watoto walikuwa wamemwokota chini ya kichaka, karibu na silanga lililokauka hadi likapasuka ardhi. Walituapia kwamba alikuwa yatima. Tukawaamini, kwa kuwa nasi tulitaka kuwaamini.

Tulikuwa tumefika huko kwa kazi ya ualimu, tukitokea pwani. Hadado ni mji mdogo ulioko magharibi ya Wajir, na mwaka ule ulikuwa mwaka mzito. Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikuwa zikikosekana msimu baada ya msimu. Septemba 2021 Serikali ilikwisha kuutangaza ukame kuwa janga la taifa, na Desemba yake dunia nzima iliona picha za twiga sita waliokufa huko Sabuli, katika Wajir hiyohiyo, baada ya kukwama kwenye tope la bwawa lililokaribia kukauka. Jirani yetu, bibi mtu mzima ambaye watoto wote wa mtaa humwita Ayeyo, alikuwa amebakiwa na mbuzi wa kuhesabika kwa vidole. Katika hali hiyo, kuokoa hata kobe mmoja kulitupa faraja. Tulijiona tumefanya jambo la kheri.

Yafaa tueleze ni kwa nini hatukusita. Mtu wa pwani hukua akimhesabu kobe kuwa kiumbe wa kutembelewa na kulishwa. Nani kati yetu hakupelekwa Haller Park, Mombasa, kumtazama Mzee, yule kobe mkubwa aliyesuhubiana na Owen, mtoto wa kiboko aliyepoteza wenzake wakati wa tsunami ya Desemba 2004? Na waliovuka kwenda Unguja wamewaona kobe wa kisiwa cha Changuu, kizazi cha wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Tulichosahau ni kwamba kobe wale wana watunzaji wenye ujuzi, na kwamba hata hao wa Changuu waliibwa na kuuzwa hadi katika miaka ya 1990 wakakaribia kumalizika. Sisi tulikuwa na mapenzi tu, ujuzi hatukuwa nao.

Tukamtia ndani ya beseni la plastiki, juu ya sakafu ya saruji, na usiku tukalisukuma beseni chini ya kitanda asije akapatwa na baridi. Asubuhi alipewa anjera iliyorowekwa katika chai ya maziwa, mchana wali, na siku ya Ijumaa, kwa heshima ya siku, kipande cha nyama kilichokatwakatwa. Maji yake tuliyatia katika kikombe kirefu ambacho shingo yake haikuweza kukifikia. Watoto walimbeba mchana kutwa, na kila alipoinuliwa alitoa mkojo, nao wakacheka. Naye alikula, kwa kuwa mwenye njaa hachagui. Tuliposhuhudia anakula tukasema, alhamdulillahi, ameridhika.

Miezi ilivyopita, dalili zikajitokeza moja baada ya nyingine. Macho yalivimba. Choo kikawa majimaji. Vigae vya gamba, ambavyo vingepaswa kukua laini kama kuba la msikiti, vikaanza kuinuka kimoja kimoja kama vichuguu. Siku moja binti yetu mkubwa alibonyeza ukingo wa gamba kwa kidole, akatuita kwa sauti iliyotushtua: ukingo ulikuwa ukibonyea.

Hapo tulimwita Ayeyo. Alikaa chini kwa taratibu, akamgeuza kobe mara moja tu, akamrudisha miguu yake ikiwa chini, kisha akauliza anakula nini. Tukamwambia, tena kwa fahari kidogo. Akanyamaza. Ukimwona kobe ameinama, husema wahenga, ujue anatunga sheria. Na Ayeyo siku hiyo alinyamaza vivyo hivyo.

"Wanangu," akasema mwishowe, "mnampa chakula cha wageni. Yeye si mgeni hapa. Wageni ni nyinyi. Mimi nina ngamia tangu nizaliwe, na sijampa ngamia wali kwa sababu mimi naupenda wali."

Maneno yale yalituingia. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa: hakumpa chakula, wala hakumwacha ajitafutie riziki yake katika ardhi. Tulikuwa tukiwasimulia wanetu hadithi hiyo huku tukijihesabu miongoni mwa wema, maana sisi twatoa chakula kila siku. Ayeyo alitufanya tuone kwamba chakula kisichokuwa chake ni njaa yenye sahani. Beseni letu lilijaa vitu, na aliyekuwamo alikuwa akipungukiwa.

Tukaanza upya. Kwanza tulibadilisha makazi. Tulimtoa ndani, tukamjengea kitalu uani, penye udongo ambapo miguu yake ingeshika na makucha yangechimba. Tulikizungushia mawe yasiyoonekana upande wa pili, kwa kuwa kobe aonapo mwanga mbele yake husukuma mpaka achoke, na juu ya mawe tukaweka matawi ya miiba kama wafugaji wafanyavyo kwa mbuzi, ili kunguru, korongo na mbwa wasimfikie. Nusu ya kitalu tuliiacha wazi kwa jua la asubuhi, nusu tukaitandazia mkeka wa kivuli. Mambo haya mawili yanahitajiana. Kobe hupata joto la mwili wake kutoka nje, na jua humsaidia kutengeneza vitamini D, ambayo bila hiyo chokaa iliyomo katika chakula haiwezi kujenga gamba na mifupa. Lakini jua la adhuhuri la Wajir lisilokuwa na kivuli laweza kumuua mchana mmoja.

Kikombe kirefu tulikiondoa. Tulichukua kifuniko cha sufuria kilichopoteza sufuria yake, tukakifukia hadi ukingo ukawa sawa na ardhi, tukatia maji ya kina cha kidole kimoja. Kobe aliingia kwa miguu yake, akainamisha kichwa, akanywa kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza wote. Katika pembe moja tulinyunyiza maji kila jioni, ardhi ibaki na unyevu apate kujizika humo. Makobe wadogo wanaokulia mahali pakavu mno ndio hasa magamba yao huota vinundu. Tena tukawakataza watoto kumwinua ovyo. Mkojo uliokuwa ukiwachekesha ni maji ambayo kobe huyaweka mwilini kama akiba ya siku za ukame. Katika mwaka ambao mama wa jirani walipanga foleni ya madumu kisimani, sisi tulikuwa tukimmwagia kiumbe huyu akiba yake kwa mchezo.

Kisha chakula. Anjera, mkate, wali, maziwa na nyama vilikomeshwa siku ile ile. Tumbo la kobe huyu limeumbwa kwa majani: nyasi mbichi zikipatikana, nyasi kavu zisipopatikana, magugu, majani ya vichaka, na mpungate ulioondolewa miiba. Nyasi zenye nyuzinyuzi humeng'enywa taratibu. Chakula cha wanga na nyama humkuza haraka kuliko mifupa yake iwezavyo kufuata. Kwa ajili ya chokaa, tuliponda maganda ya mayai, na ndugu zetu wa pwani wakatutumia mfupa mweupe wa ngisi, ule unaookotwa ufuoni baada ya maji kupwa. Ayeyo hakushangaa kumwona akiutafuna. Kobe wa porini hutafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cheupe cha fisi, wakitafuta kitu hicho hicho. Subhanallah, aliyemwumba alimfundisha.

Macho yalifunguka kabla ya majuma matatu kwisha. Ukingo wa gamba ulichukua miezi kadhaa, ukawa mgumu. Lakini vile vinundu havikuondoka, wala havitaondoka. Gamba hubeba kumbukumbu ya kila msimu. Tunayaandika haya kwa uchungu, kwa maana yeyote atakayemwokota siku za usoni atajua kwamba kobe huyu aliwahi kupendwa na watu wasiojua.

Katika kuuliza-uliza ndipo tulipofahamu jambo ambalo ilitupasa kulijua siku ya kwanza. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka nyumbani mnyama wa porini bila ya kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kobe naye ni mnyama wa porini, hata akiwa mpole, hata akiwa ndani ya kofia ya mtoto. Tulijadiliana usiku kucha. Mmoja wetu alisema tunyamaze, nani atajua katika mji mdogo kama huu? Mwengine akauliza, basi nani tunayemwogopa? Asubuhi tukapeleka habari kwa wahusika. Afisa aliyetusikiliza hakutukaripia. Alitaka kujua kama mnyama anakula na kama tunakumbuka mahali alipookotwa, kisha akatuagiza arudishwe pale pale mvua zitakapopata kunyesha na majani kuota.

Kazi ngumu ikawa kuwaambia watoto. Mdogo wao alituuliza kwa nini Mtume (SAW) hakumwamrisha Abu Umayr amwachie ndege wake, bali alimpa pole ndege alipokufa. Swali lilikuwa zuri. Tukamjibu kwamba wanazuoni wameichukua hadithi hiyo kuwa dalili ya kujuzu kufuga, kwa sharti la kumtimizia mnyama haki zake; na kwamba huyu wetu haki yake ya kwanza ni kichaka alichotolewa, na ahadi tuliyoifunga na nchi kwa sheria zake nayo ni amana. Alilia hata hivyo. Hatukumzuia kulia.

Mvua zilirudi mwaka 2023, kuanzia mwezi wa Machi. Aprili, kichaka kilipokuwa kimefunikwa na kijani hadi hakitambulikani, tulikwenda sote kwa miguu, na Ayeyo pamoja nasi. Kobe kwa Kisomali huitwa *diin*, neno linaloandikwa sawasawa na dini, na Ayeyo njiani aliwatania watoto kwa hilo: "Leo mnarudisha *diin*, na *diin* yenu mnabaki nayo." Mwanetu alimweka chini. Kobe alikaa kitambo ndani ya gamba, akatoa kichwa, akang'ata jani lililokuwa karibu, kisha akaingia kichakani pasina kutazama nyuma.

"Atanikumbuka?" akauliza mtoto.

"Wewe utamkumbuka," tukamwambia. Hatukuona haki ya kumwahidi zaidi ya hapo.

Wapenzi wasomaji, tunajua ziko nyumba zetu, Mombasa, Malindi, Lamu hata Garissa, ambazo kobe anazunguka uani tangu enzi za babu. Anayemweka na amwangalie leo: ana udongo, jua na kivuli? Maji yake anayafikia? Anakula majani, au anakula masalia ya meza yetu? Kibali kipo? Kama hakipo, wapelekeeni habari KWS, wala msimwachie mbali na alikotoka. Na tafadhali, asitokee mtu akamtia baharini akidhani anamhurumia. Kasa ndiye wa bahari. Kobe hajui kuogelea, na atazama.

Kitalu kingali uani kwetu. Miiba tumeshaiondoa, lakini kile kifuniko cha sufuria tumekiacha pale pale ardhini, na mtoto hukijaza maji kila asubuhi kabla ya kwenda madrasa. Njiwa wa porini huja kunywa, wakamaliza wakaenda zao.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa kutojua, na atujaalie kuwa wenye kutimiza amana. Amin.