Je, Shahada ya Haraka Yatufaa?

Mwezi huu twataka kuwasimulia shauri moja lililotukosesha usingizi, maana twajua ya kuwa wengi wenu mnalo shauri kama hilo nyumbani, hasa walimu, wauguzi, na vijana waongozao watalii.

Sisi ni katekista, tena ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule ya misheni ndiyo iliyotufundisha kusoma, na baadaye tukapata stashahada ya ualimu. Sasa umri wetu ni miaka 46. Siku hizi wamekuja shuleni petu walimu vijana wenye shahada, nasi tumeona haya moyoni, ingawa wao hutuheshimu na kutuita baba. Hata jioni moja simu ikatuletea tangazo la chuo kimoja cha ng'ambo: shahada ya elimu kwa njia ya mtandao, kwa miezi 12 tu, wala hapana haja ya kuondoka nyumbani. Tena likasema ada imepunguzwa, lakini sharti ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Fedha tulikuwa nayo kidogo, tuliyoipata kwa vitunguu. Iliyosalia tungeipata kwa kuuza ng'ombe wawili mnadani. Tulipomweleza mama watoto, hakukasirika. Aliuliza neno moja tu: "Baba, hayo ambayo wenzako huyasoma miaka mitatu, wewe utayasoma saa ngapi?"

Tukajibu, "Jioni, baada ya chakula." Akatutazama, akanyamaza. Sisi tulidhani auliza wakati. Kumbe aliuliza hesabu. Naye alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu ng'ombe mmoja tulikuwa tumemweka kwa ajili ya mtoto wetu aingiaye kidato cha kwanza, apate sare, godoro na chakula cha bweni.

Kesho yake akaja kijana mmoja, akitaka abatizwe upesi kwa kuwa arusi yake imekaribia. Alisema, "Mwalimu, mimi nina akili, nifundishe yote kwa juma moja." Tukamkatalia kwa upole, tukamweleza ya kuwa mafundisho yana muda wake, maana si maneno ya kukariri tu, bali ni mwendo wa kuzoea. Akaenda zake amenuna. Alipokwisha kuondoka tukabaki tumeketi, tukaona aibu. Lile tulilomnyima yeye, ndilo tulilokuwa tukilitaka sisi.

Ndipo tulipoanza kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kusoma mbali na chuo si jambo la jana, wala si la kudharauliwa. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake tangu mwaka 1858 kwa watu wasiokaa katika madarasa yake. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, naye yu kifungoni bado. Kwetu Tanzania, Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, ili mtu aweze kusoma huku akifanya kazi yake. Basi aliye Karatu asione kwamba elimu ya mbali ni elimu ya daraja la chini.

Kadhalika, wepesi peke yake si udanganyifu. Kule Marekani kipo chuo kiitwacho Western Governors University, kilichoanzishwa mwaka 1997. Mwanafunzi hulipa ada ya miezi sita sita, na katika muda huo aweza kumaliza masomo mengi kadiri awezavyo kuonyesha kwa mitihani na kazi kwamba ameyajua. Twaona jambo hilo lina maana. Fikirini kijana aliyewashusha watalii katika kreta ya Ngorongoro kwa miaka 15, ajuaye majira ya nyumbu, majina ya ndege, na jinsi ya kutunza hesabu za safari. Akienda upesi katika masomo ya utalii, hakuiba kitu. Saa zake amekwisha kuzilipa barabarani.

Lakini je, sisi? Hapa ndipo hesabu ya mama watoto ilipotukamata. Katika utaratibu wa vyuo vikuu vya nchi yetu, shahada ya kwanza ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni kama saa 10 za kazi: kusikiliza mafundisho, kusoma peke yako, kuandika, na kufanya mitihani. Jumla yake ni saa 3,600. Mtu akitaka kuzimaliza kwa miezi 12, ni saa 300 kila mwezi, karibu saa 10 kila siku, hata Jumapili. Nasi twafundisha darasani mchana kutwa, na jioni twatembelea wagonjwa. Basi saa hizo zingetoka wapi? Kama hatunazo kichwani tangu zamani, wala hatuzitoi sasa, maana yake hazipo kabisa, na cheti kitasema kwamba zipo. Watakaougundua upungufu huo ni watoto wa darasani kwetu.

Tena iko Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyowekwa mwaka 2005, ambayo kazi yake mojawapo ni kutambua shahada za vyuo vya nchi za nje. Ndugu yetu mmoja alilipa chuo cha mbali, jina lake hatulitaji, akapata karatasi nzuri yenye muhuri wa dhahabu. Alipoipeleka kazini akaambiwa alete kwanza utambuzi wa Tume. Hakuupata, na fedha haikurudi. Laiti angaliuliza kabla ya kulipa! Nasi tulipokiuliza chuo cha tangazo letu neno hilohilo, kilitujibu mara tatu kwa kutukumbusha siku ya mwisho ya kulipa, wala swali hakikulijibu. Tukakiacha.

Walakini hatukuacha kusoma. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Kwa hiyo imetubakia miaka 14, na kila mwaka tukaao bure unapungua. Basi tukanunua daftari, tukajipima mwezi mzima kabla ya kulipa hata shilingi. Kila jioni tulikaa na vitabu vya ualimu, tukaandika saa tulizosoma kweli, si saa tulizokaa tukisinzia. Mwisho wa mwezi tukajumlisha: saa 31. Kwa mwendo huo tungemaliza karibu na miaka 10.

Tukamwonyesha mama watoto daftari. Safari hii alicheka. Kisha tukakaa pamoja tukatafuta saa zilikopotelea. Uandishi wa kamati mbili tukawaachia vijana, nao wanauweza kuliko sisi. Simu tukaiweka kabatini baada ya saa moja ya usiku. Yeye akakubali mtoto mkubwa ashike kazi ya ng'ombe alfajiri, ili sisi tusome kabla ya kwenda shuleni. Mwezi wa pili daftari likaonyesha saa 60. Kwa mwendo huo ni miaka mitano, na baada yake itabaki miaka tisa ya kuwafundisha watoto kwa elimu hiyo. Hapo tukaona ya kuwa yafaa. Tukaenda Arusha, kwenye kituo cha Chuo Kikuu Huria, tukaulize masharti na ada kwa kinywa chetu. Ng'ombe wote wawili wangali zizini, na mtoto yuko shuleni na godoro lake.

Basi, ndugu, kama nawe umeletewa tangazo, usikimbilie kulipa, wala usikimbilie kukata tamaa. Uliza Tume kama shahada hiyo yatambuliwa. Uliza mwajiri wako kama itakuongezea kitu. Kisha nunua daftari, ujipime mwezi mmoja, na hesabu hiyo umwonyeshe mtu wa nyumbani mwako, maana saa utakazosoma zatoka kwake pia.

Yule kijana wa arusi amerudi. Arusi wameisogeza mbele, naye huja kufundishwa kila Jumatano. Sisi nasi, tukiisha kumfundisha, hufungua kitabu chetu.

Ni sisi, katekista wenu wa Rhotia.