Ufungamano: Neno, Nyumba na Fundo

Watanzania wa rika langu tulilijua neno hili kwanza kwa kukanushwa kwake. Redioni, magazetini na katika masomo ya siasa shuleni tulisikia habari za nchi zisizofungamana na upande wowote, nasi tukajivuna kuwa miongoni mwao. Kutofungamana kulikuwa fadhila. Ndiyo maana nilipoanza kusikia, mwishoni mwa mwaka 1999, kwamba Nairobi kuna nyumba iitwayo Ufungamano, na kwamba ndani yake maaskofu, masheikh na viongozi wa Kihindu wamekaa meza moja kudai katiba, sikio langu la mwalimu wa Kiswahili lilisimama kabla ya sikio la raia. Nani aliyewapa jina zuri namna ile?

Tulitazame neno lenyewe. Mzizi ni *fung-*. Kutoka hapo tunapata funga, fungana, kisha fungamana. Viambishi viwili vimeongezwa: *-am-*, chenye kudokeza hali iliyotulia mahali pake, kama katika shikamana na gandamana, na *-an-*, cha kutendana. Kilichofungamana hakikufungwa na mtu wa nje akaondoka. Pande zenyewe zimeshikana na zinaendelea kushikana. Umbo hilohilo husikika katika andamana, tulilolipata kutokana na andama, yaani kufuata kwa mpango. Mwezi ukionekana twasema umeandama. Watu wakitoka barabarani kudai haki twasema wanaandamana. Nikiwa darasani nilipenda kuwaambia wanafunzi kwamba Kiswahili kimeuweka mwezi wa Ramadhani na mabango ya wanaharakati katika ukoo mmoja wa maneno. Walicheka, lakini mnyambuliko waliukumbuka.

Na tusisahau kuwa kufunga ni pia kuacha kula kwa ajili ya Mungu. Mwislamu hufunga Ramadhani, Mkristo hufunga Kwaresima, na lugha haikuona haja ya kuwapa vitenzi viwili. Mwaka 2025 miezi hiyo ilianza kwa kupishana siku chache tu, na huku kwetu Kawe wauza maandazi wa asubuhi walilalamika kuliko mtu yeyote.

Sasa nyumba. Jengo linaloitwa Ufungamano lipo Nairobi, jirani na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, upande wa Barabara ya Ikulu. Jina lake la kiofisi ni Kituo cha Uongozi cha Wanafunzi Wakristo, nalo ni mali ya pamoja ya Kanisa Katoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK. Kwa hiyo ufungamano wa mwanzo ulikuwa wa Wakatoliki na Waprotestanti, uliokusudiwa kuwatumikia vijana wa chuo. Wasomaji wa umri mdogo huenda wasione ajabu yoyote hapo. Sisi tuliolelewa katika vijiji ambamo misheni mbili ziligawana watoto kama mashamba, na mtoto wa huku hakukanyaga shule ya kule, twajua kuwa nyumba moja yenye hati ya pamoja ilikuwa jambo kubwa.

Ukumbi wa wanafunzi una sifa moja ambayo kumbi za serikali hazina: hauogopi mjadala. Sifa hiyo ndiyo iliyouingiza Ufungamano katika historia. Kenya ya miaka ya 1990 ilikuwa imechemka kwa madai ya katiba mpya. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliwafuata waandamanaji hadi ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi, na Mchungaji Timothy Njoya akapigwa humo humo. Baada ya hapo sheria ya kuipitia katiba ilitungwa, ikarekebishwa, kisha mwaka 1999 wanasiasa wakashindwa kukubaliana nani aiongoze kazi hiyo. Chama tawala kilitaka Bunge. Wengine walitaka wananchi. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Wanjiku kwa maana ya mwananchi wa kawaida, kutokana na swali ambalo Wakenya husimulia kuwa Rais Moi aliliuliza kwa dhihaka: Wanjiku anajua nini kuhusu katiba? Wakenya walilichukua tusi hilo wakalifanya cheo.

Desemba 1999, miezi miwili baada ya sisi huku kumzika Mwalimu Nyerere, viongozi wa dini walikutana katika ukumbi ule wa wanafunzi na kuanzisha mchakato wao wenyewe. Walikuwamo Wakatoliki, makanisa ya NCCK, Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya na Wahindu, pamoja na vyama vya kiraia na vya wanawake. Mchungaji Mutava Musyimi, aliyekuwa Katibu Mkuu wa NCCK, aliongoza kamati ya uendeshaji. Waliunda Tume ya Watu ya Kenya chini ya mwanasheria Oki Ooko Ombaka, nayo ikaanza kukusanya maoni ya raia bila kibali cha dola. Nchi ikawa na tume mbili za katiba kwa wakati mmoja: moja ya Bunge, nyingine ya msikiti, kanisa na hekalu.

Profesa Yash Pal Ghai, aliyeteuliwa kuiongoza tume ya serikali, alikataa kuapishwa mpaka pande hizo mbili zikutanishwe. Mwaka 2001 zikaunganishwa, na Ombaka akawa makamu wake. Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya kuyaona matunda.

Ningeweza kuishia hapo, habari ikawa nzuri na ya kusomwa katika sherehe. Lakini neno lenyewe haliniruhusu, kwa sababu lililofungwa huweza kufunguka.

Fundo la Ufungamano lililegea kwenye Mahakama ya Kadhi. Mahakama hizo hazikuwa jambo geni. Ukanda wa pwani ya Kenya, maili 10 kutoka baharini, ulikuwa chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar hadi uhuru, na Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kwamba makadhi wataendelea kuwaamulia Waislamu mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Katiba ya uhuru ikayaweka hayo. Lakini rasimu mpya ilipofika mbele ya wajumbe 629 pale Bomas, kati ya mwaka 2003 na Machi 2004, makanisa mengi yalipinga makadhi kutajwa katika katiba, yakisema ni kuipendelea dini moja. Waislamu waliona wanaambiwa waache walichokuwa nacho tangu enzi za mababu. Wakajitoa katika Ufungamano. Nyumba ikabaki na jina lake, lakini wa kufungamana naye ameondoka.

Mwaka 2004 wachungaji kadhaa walifungua kesi, na Mei 2010 Mahakama Kuu ikatamka kuwa kifungu cha makadhi katika katiba ya zamani hakikupatana na katiba yenyewe. Kati ya kesi na hukumu kulipita kura ya maoni ya Novemba 2005, yenye alama za ndizi na chungwa, ambapo takriban asilimia 58 walikataa rasimu ya wakati huo.

Mambo haya niliyafuata kwa mbali, kama mtu afuataye mpira wa timu ya jirani, hadi yalipobisha hodi mtaani kwangu. Mapema mwaka 2015, baada ya Bunge Maalumu la Dodoma kutoa Katiba Inayopendekezwa, na sisi tulikuwa na muswada wetu uliogusa Mahakama ya Kadhi. Jukwaa la Wakristo liliupinga, na muswada ukaondolewa kabla ya kupigiwa kura. Wakati huo mimi na jirani yangu, mzee mmoja aliyekuwa akifundisha madrasa, tulikuwa tukichangisha fedha za mfereji wa mtaa. Mvua za masika huku Kawe hazimuulizi mtu dini. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, yeye na daftari, mimi na mfuko. Jioni moja, baada ya hesabu, akaniuliza:

“Mwalimu, ninyi mnaogopa nini?”

Nikamjibu kwa hoja nilizokuwa nimezisikia kanisani: kwamba dola isigharamie mahakama ya dini, kwamba sheria iwe moja kwa wote. Alinisikiliza hadi mwisho, kama ilivyo desturi yake. Kisha akanisimulia habari za binti yake aliyefiwa na mume, ambaye mirathi yake ilikuwa ikizungushwa mahakamani kwa mwaka wa tatu, kila tarehe ikizaa tarehe.

“Hoja zako nimezielewa, Mwalimu. Lakini mimi najua sheria ya mirathi ya watoto wangu tangu nikiwa kijana. Nataka mtu wa kuitamka tu. Kwenye mfereji unaniita tufungamane. Nikileta mzigo wangu, unaniambia fundo halina nafasi.”

Sikuibadilisha rai yangu kuhusu gharama za dola, na hadi leo sijaibadilisha. Lakini nilifahamu kuwa alikuwa ameninyambulia kitenzi kuliko nilivyowahi kukinyambua ubaoni. Usiku ule niliandika ubeti huu, nikampelekea asubuhi pamoja na stakabadhi za saruji:

*Kamba mbili zikifungwa, hazifanyi kamba moja,*
*Mizigo ikishapangwa, ndipo fundo lina haja,*
*Na shauri likichangwa, hulitunza kila hoja,*
*Jirani akishatengwa, fundo limekosa tija.*

Aliusoma mara mbili. Akasema mizani imetimia, ila mshororo wa tatu una kiburi kidogo. Mfereji tuliumaliza mwezi wa nane.

Wakenya nao walifika mwisho wao kwa njia isiyotarajiwa. Tarehe 4 Agosti 2010 walipiga kura tena. Viongozi wengi wa makanisa, wakiwamo waliotoka katika nyumba ileile iliyoanzisha yote, waliwataka waumini wakatae, kwa sababu ya makadhi na kwa sababu ya kifungu kuhusu utoaji mimba. Waumini hawakuwasikiliza: asilimia 67 walikubali. Wanjiku alikuwa amefundishwa kusema, na aliposema hakumsemea mwalimu wake. Katiba ilizinduliwa tarehe 27 Agosti. Ibara ya 8 inasema hakuna dini ya dola. Ibara ya 170 inawataja makadhi. Nasi wapenzi wa lugha tusiipite ibara ya 7, inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Nathubutu kusema kwamba tume zilizozunguka vijijini zikisikiliza watu zilikuwa na mchango katika hilo, maana mtu akiulizwa anataka nini hujibu kwa lugha anayoiota.

Narudi kwenye neno. Huku kwetu tunapotaka kutaja shughuli za dini zaidi ya moja, twasema “ya dini mbalimbali” au “baina ya dini”. Ni maneno sahihi, lakini ya kwanza inahesabu tu na ya pili inaonyesha nafasi iliyo katikati, kama uchochoro. Wengine hupenda “umoja wa dini”, nami silipendi hata kidogo, kwa kuwa hakuna muumini wa kweli anayetaka dini yake iungane na nyingine hadi isijulikane. Muungano huzaa kitu kimoja. Ufungamano huacha vitu viwili, kila kimoja na nyuzi zake, na huacha pia uwezekano wa kufunguka, ambao watu wa meza moja hufanya vema kuukumbuka.

Sijui kama neno hili laweza kupandwa upya katika udongo wetu, ambako bado linanukia mikutano ya wakuu wa nchi. Ningependa kusikia kutoka kwa wasomaji wa Lamu, Pemba, Mombasa, Bukavu na kwingineko: kwenu, wanapokaa padri na sheikh kuzungumzia maji, shamba au msiba wa mtaa, kikao hicho mnakiitaje? Nileteeni na mfano wa sentensi, kama ilivyosemwa na watu.