Buibui Mkubwa wa Migombani

Ukikuta utando mkubwa wa buibui umekingama njiani, usiukate kwa fimbo kabla hujautazama vema, hasa asubuhi jua likiwa chini. Huenda ukaona nyuzi zake si nyeupe, bali za manjano kama dhahabu. Buibui wa namna hiyo amekaa migombani kwangu tangu masika, naye amezusha ubishi nyumbani. Mke wangu asema ana sumu, auawe kabla mtoto hajamfikia. Mimi nasema aachwe.

Jike ni kubwa: mwili peke yake waweza kufika sentimeta 3, na miguu yake minane ikinyooshwa hujaza kiganja. Dume je? Utacheka! Ni kadogo mno, kama nusu sentimeta, nako hukaa pembeni mwa utando kwa adabu nyingi, maana mke aweza kukala.

Lakini ajabu hasa ni ujenzi wake. Hana mabawa, wala hawezi kuruka toka mgomba huu hata ule. Basi hutoa uzi mwepesi, akauachia upepo. Uzi ukinasa ng'ambo, huukaza, akapita juu yake na kuuongezea nguvu. Kisha hushuka na uzi mwingine, zikafanya umbo kama panda ya manati. Pale zinapokutana ndipo kitovu. Kutoka kitovuni hutandaza nyuzi pande zote, kama spoki za gurudumu la baiskeli. Halafu huzunguka toka ndani kwenda nje kwa uzi mkavu, kama fundi afungaye jukwaa la miti. Mwisho hugeuka, akarudi toka nje kwenda ndani akitia uzi wenye ulimbo. Buibui wengi wa jamii hii hubomoa lile jukwaa; huyu huliacha.

Macho anayo manane, ila haoni vizuri. Huning'inia kichwa chini, miguu juu ya nyuzi, akingoja zitikisike.

Na sumu? Anayo, ya kuulia wadudu. Haumi mtu ila akibanwa, na akiuma utasikia maumivu ya muda tu. Nilimweleza mke wangu hayo yote. Akaendelea kuchambua maharage.

Ndipo nikamwambia habari za Madagaska, ambako buibui hao ni wengi. Mwishoni mwa karne ya 19 padri Mjesuiti Mfaransa, Paul Camboué, alijaribu huko kuwavuta uzi ili kupata hariri. Mwaka 2009 kitambaa cha hariri hiyo kilionyeshwa New York: urefu wake wapita mita 3, manjano tupu bila kutiwa rangi. Kilihitaji buibui zaidi ya milioni moja, nao baada ya kuvutwa uzi waliachiliwa waende zao. Hebu fikiri kazi ya kuwakamata!

Hapo mke wangu aliinua kichwa. Akauliza kama kitambaa hicho chafulika kwa sabuni. Sikuwa na jibu. Ila tumepatana: buibui atakaa, nami nimefyeka njia nyingine ya kwendea kisimani, mbali na migomba, ili mtoto asipite pale.