Jina la Shamba

Mwaka juzi nalipata nafasi ya kwenda Ujerumani pamoja na wenzangu wachache, maana usharika wetu wa Usambara una urafiki na usharika mmoja wa Westfalen. Mimi nalipewa kukaa katika nyumba ya mzee mkulima, upande wa Tecklenburg, mtu wa miaka 80 na zaidi, mpole, asiyesema mengi. Habari za safari sitazisimulia, kwa kuwa wengine wamezisimulia vizuri kuliko niwezavyo mimi. Nataka kueleza habari ya vitabu vya kanisa, na jinsi yule mzee alivyowatafuta mababu zake humo, nami nikiketi karibu naye.

Nyumba za zamani za wakulima wa huko ni kubwa mno. Watu, ng'ombe na majani makavu, vyote vilikaa chini ya paa moja. Juu ya mlango mkubwa wa kuingizia magari ya mavuno iko boriti, nayo imechongwa majina ya mume na mke walioijenga nyumba, pamoja na mwaka, na mara nyingi maneno ya sala. Jioni ya kwanza mzee alinisimamisha chini ya boriti yake, akainua fimbo akanisomea neno kwa neno. Jina la yule mume lilikuwa jina la mzee mwenyewe. Akasema, "Mwalimu, sisi tupo hapa tangu Vita vya Miaka 30." Ndivyo vita vile vya mwaka 1618 hata 1648, vilivyoacha vijiji vingi vya Ujerumani bila watu. Kisha akanyamaza, akaingia ndani.

Baadaye mjukuu wake, msichana asomaye chuo kikuu, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, aliniambia sababu ya kunyamaza kwake. Mzee hana mtoto wa kiume. Shamba litakwenda kwa binti yake, na binti ameolewa na mtu wa jina jingine. Basi mzee alijiona kuwa yeye ndiye wa mwisho, ya kuwa kamba iliyoshikwa na mababu zaidi ya miaka 300 itakatikia mkononi mwake. Alitaka kuandika orodha yao wote kabla ya kufa, kama mtu ahesabuye mifugo yake kabla ya kuwaaga.

Sikumcheka. Kwetu nako ukoo hufuata baba, na nimewaona wazee wakiumwa na jambo hilo hilo hata kukosa usingizi.

Vitabu vingi vya kale vya sharika za Westfalen huweza kusomwa katika hifadhi ya Kanisa la Kiinjili mjini Bielefeld, mahali paitwapo Bethel. Jina hilo wazee wa Usambara walijua sana. Misioni iliyofika kwetu mwaka 1891 ilihamia Bethel mwaka 1906, ikaitwa kwa jina hilo. Nalipoingia mle naliona kama nimefika nyumbani kwa bibi niliyesikia habari zake tu. Vitabu vyenyewe havishikwi ovyo, maana karatasi zimechoka. Msomaji huonyeshwa picha za kurasa. Tena tangu mwaka 2015 picha za vitabu vingi vya Kanisa la Kiinjili zimewekwa katika intaneti, mtu akazisoma kwake akilipa ada. Mzee hakutaka njia hiyo. Alisema kwamba mababu hawaendewi kwa kuketi jikoni.

Nieleze kidogo vitabu hivi ni nini. Wakatoliki waliagizwa na mtaguso wa Trento mwaka 1563 kuandika ubatizo na ndoa. Na kwa upande wa Waprotestanti, Nürnberg na nchi jirani ziliagiza hivyo tangu mwaka 1533. Serikali ya Prussia haikuwa na waandishi wake wa kuzaliwa, ndoa na vifo mpaka tarehe 1 Oktoba 1874, na Ujerumani nzima mpaka tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, ila katika sehemu zilizotawaliwa na Wafaransa kwa miaka kadha wa kadha, kalamu ya mchungaji ndiyo iliyokuwa shahidi wa maskini. Mtu asiye na nyumba wala ardhi, aliyekaa katika kijumba cha kupanga shambani mwa mwingine na kulipa kwa kazi ya mikono yake, jina lake halikuandikwa mahali pengi. Lakini katika kitabu cha kanisa yumo, mara tatu: alipobatizwa, alipooa, alipozikwa.

Kusoma ni kazi. Mwandiko wa kale wa Kijerumani si huu tuujuao. Herufi ya "e" yafanana na "n" kama mapacha, na shule za Ujerumani ziliacha kuufundisha mwaka 1941. Kwa hiyo yule msichana msomi hakuweza kuusoma kama mimi nisivyoweza. Babu yake aliujua, kwa kuwa bibi yake alimwandikia barua kwa herufi hizo. Basi twalifundishwa pamoja, mimi na msichana, kama watoto wa darasa la kwanza. Na nakiri ya kuwa yeye alinishinda. Tena tarehe nyingi hazikuandikwa kwa mwezi bali kwa sikukuu, kama vile "Jumapili ya tatu baada ya Utatu", na ni lazima mtu ahesabu tangu Pasaka ya mwaka ule.

Njia ya kutafuta ni kwenda nyuma, hatua kwa hatua, bila kuruka. Mzee alianza na wazazi wake, akaenda kwa babu, akamwona babu wa babu akioa. Ndoa humtaja baba wa bwana arusi na umri wake. Ukitoa umri huo wapata mwaka wa ubatizo. Ukipata ubatizo wapata wazazi, nao wadhamini. Ilikuwa rahisi kama kushuka ngazi. Hata ghafula ngazi ikakatika. Mtu mmoja aliyezikwa kwa jina la shamba, aliyekuwa na watoto 7 waliobatizwa kwa jina la shamba, hakuonekana popote amebatizwa. Twalitazama miaka 10 mbele na 10 nyuma. Twalimaliza siku nzima, na macho ya mzee yakawa mekundu.

Mama mmoja mtunza vitabu alitusikia, akaja akauliza neno moja: "Mnamtafuta mume. Mmemtafuta mke?"

Twalimtafuta mke, tukamwona upesi. Yeye ndiye aliyezaliwa katika nyumba ile. Ndugu zake wa kiume walikufa wadogo, naye akawa mrithi. Mume alitoka shamba dogo la mbali, mwenye jina lake mwenyewe. Desturi ya nchi ile, Westfalen na Osnabrück na jirani zake, ilikuwa hivi: jina halikuwa la mtu, lilikuwa la shamba. Kijana akimwoa binti mrithi aliliacha jina la baba yake mlangoni, kama mtu aachavyo viatu, akaingia na kuitwa kwa jina la mahali alipoingia. Mchungaji mwangalifu aliandika majina yote mawili, na kati yake neno la kusema "aitwaye". Mchungaji mvivu aliandika moja tu, akawapotezea watu wasiozaliwa bado siku nzima ya kazi.

Tangu hapo twalijua tunachokitafuta, na kitabu kikaanza kusema. Katika vizazi 9 mara tatu jina lilipita kwa binti. Mzee alizipokea hizo mbili za kwanza kwa kutikisa kichwa tu. Lakini ya tatu haikuwa ya binti kamili, nayo ndiyo iliyomshika.

Ulikuwako mwaka wa kuhara damu. Katika kitabu cha mazishi waliandika umri kwa miaka, miezi na siku, hata mtoto mchanga hesabu yake ni kamili. Katika muda wa wiki 5 nyumba ile ilizika watu wanne: mwenye shamba, na watoto wake watatu. Mwandiko wa mchungaji mwezi ule umelegea, mistari inashuka. Nadhani hakupata kulala. Akabaki mjane na mtoto mmoja wa kiume. Mjane yule alikuwa mgeni pale, mwana wa watu wengine. Kwa kuwa shamba halikuweza kukaa bila mtu wa kulisimamia, akaolewa tena, na mume wa pili akapewa kulitunza mpaka mtoto atakapokua. Naye akachukua jina la shamba kama desturi. Mtoto yule alikufa kwa ndui kabla ya kupewa kipaimara. Wakarithi watoto wa ndoa ya pili.

Msichana alihesabu kwa kidole, akasema polepole, "Babu, hawa hawana damu ya wale wa kwanza hata tone." Kisha akalisoma jina la mume wa pili pamoja na jina la mkewe, nasi sote tukayatambua. Ndiyo majina yaliyochongwa juu ya boriti.

Mzee alivaa koti lake. Katika gari la moshi hakusema neno, na jioni hakugusa mkate. Naliogopa ya kuwa tumemwua kwa karatasi.

Usiku ule alitoka chumbani mwake na kijitabu chembamba, akakiweka mezani mbele yangu. Kilikuwa cha baba yake, kimejaa majina na mihuri ya kanisa, na juu ya mihuri mingine yupo tai wa serikali ya Hitler. Hapo nalijifunza neno ambalo nasikitika kuliandika katika gazeti la Kanisa, walakini ni kweli. Kwa sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 watumishi wa serikali walitakiwa kuonyesha ya kuwa babu na bibi zao si Wayahudi. Kwa sheria ya tarehe 29 Septemba mwaka huo huo, mkulima mwenye shamba la urithi alitakiwa kuthibitisha damu ya mababu zake mpaka tarehe 1 Januari 1800. Watu walimiminika kwa wachungaji kuomba vyeti, kwa kuwa vitabu vya kanisa ndivyo vilivyokuwa na majina. Wachungaji wakafungua vitabu, wakaandika, wakapiga mihuri. Mjini Berlin ofisi ya vitabu vya kanisa iliyofunguliwa mwaka 1936 ilitunga orodha ya Wayahudi waliobatizwa zamani, ikawapasha wakubwa wa serikali habari zao. Mchungaji wa kale aliandika ubatizo wa Myahudi kwa furaha, kama mavuno. Mstari ule ule ukageuka kuwa mashtaka juu ya wajukuu zake.

Mzee akaweka kidole juu ya muhuri, akasema, "Walimpa baba yangu cheti cha damu, naye akafurahi. Mimi nilikuwa nikimtafuta yule yule waliyemtafuta wao." Sikuwa na la kumjibu. Sikukubali ya kuwa ni sawa, maana yeye alitafuta kwa upendo. Lakini sikumwambia, kwa kuwa naliona hakuwa akiniuliza.

Asubuhi mama mwenye nyumba, yaani binti yake, aliporudi kutoka kwa ng'ombe, msichana alimsomea orodha yote mezani. Mama yule alisikiliza amesimama, na viatu vya matope miguuni. Aliposikia ya kuwa mabinti walipokea shamba kabla yake, aliketi. Ni vema msomaji ajue ya kuwa sheria ya mashamba ya mwaka 1947, iliyotumika sehemu zile, iliwatanguliza wana wa kiume, mpaka mahakama kuu ya katiba ilipoitangua sehemu hiyo mwaka 1963. Kumbe vitabu vya kale vilikuwa na mabinti warithi kabla ya sheria hizo zote. Alimtazama mumewe akasema, "Basi wewe ungaliliacha jina lako mlangoni." Mumewe akajibu ya kuwa viatu vyake vinatosha. Wakacheka, na mzee naye akacheka kidogo, ndipo akaomba mkate.

Siku iliyosalia kabla ya kuondoka kwangu mzee aliniita nyuma ya nyumba, wanakojenga banda jipya la mashine. Boriti ya mwaloni ilikuwa imelazwa juu ya vigogo viwili. Alikuwa ameiandika kwa kalamu ya risasi, bado haijachongwa: jina la binti yake kwanza, kisha la mkwewe, jina lake alilozaliwa nalo, na mwaka. Herufi zilikuwa zile za kale alizotufundisha. Akaniomba nitazame kama mstari umenyoka, maana macho yake hayaoni sawasawa tena. Nikainama, nikafumba jicho moja. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imepanda juu kidogo, nikamwambia. Akatafuta kifutio mfukoni.