Visiwa vya Azores na Ndugu zao wa Ng'ambo

Kila mkaaji wa Mombasa ameiona Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Tena kila siku watu wetu hutaja meza, leso, bendera na gereza, pasipo kukumbuka ya kuwa maneno hayo yametoka katika Kireno. Lakini Wareno hawakusafiri upande wa mashariki peke yake. Wengi zaidi walikwenda magharibi, si kwa mizinga wala kwa ngome, bali kwa jembe, kwa nyavu na kwa njaa ya ardhi. Habari za watu hao zafaa kusikiwa na kila mzazi aliye na mtoto aliyekwenda mbali kutafuta kazi.

Katikati ya bahari ya Atlantiki, kiasi cha kilometa 1,500 magharibi ya Lisbon, viko visiwa tisa viitwavyo Azores. Wareno walipoanza kukaa huko katika karne ya 15 hawakukuta mtu. Visiwa vyote vilitokana na moto wa chini ya ardhi, na katika kisiwa cha Pico upo mlima wenye urefu wa meta 2,351, ulio mrefu kuliko milima yote ya Ureno. Mashamba ni madogo, yamegawanywa kwa kuta za mawe meusi na kwa ua wa mimea yenye maua ya buluu. Mvua haikosi, majani ni mabichi mwaka mzima, na ng'ombe ni wengi kuliko watu. Karibu theluthi ya maziwa yote ya Ureno hutoka huko. Watu waliohesabiwa mwaka 2021 walikuwa 236,000 na zaidi kidogo. Lakini wazao wao walio ng'ambo, katika Marekani, Kanada, Brazil na Bermuda, hukadiriwa kuwa wengi mara kadhaa kuliko hao waliobaki.

Sababu ya kwanza ya kutoka kwao ilikuwa nyangumi. Katika karne ya 18 na ya 19, kabla mafuta ya taa hayajaenea, taa za nchi nyingi ziliwaka kwa mafuta ya mnyama huyo mkubwa. Meli za kumvua zilitoka New Bedford, mji wa pwani ya Marekani, nazo zilizoea kutia nanga katika bandari ya Horta, kisiwani Faial, kutwaa maji, viazi na mboga. Zilitwaa watu pia. Vijana wa Faial na Pico walijulikana kwa kupiga makasia na kwa kurusha chusa. Wengine waliajiriwa mchana mbele ya wakubwa, na wengine walitoroka usiku kwa mashua ndogo ili kukwepa kuandikwa jeshini. Aliyeondoka hivyo aliweza kukaa baharini miaka mitatu au minne, na mwisho wa safari akashuka New Bedford, akatafuta chumba, kisha akamwandikia nduguye aje.

Leo uvuvi huo umekwisha pande zote mbili. Katika Azores kwenyewe nyangumi wa mwisho aliuawa mwaka 1987. Hata hivyo mashua zile nyembamba zimehifadhiwa na kupakwa rangi, na watu wa New Bedford wameshindana mara nyingi na wa Faial na Pico kwa makasia na kwa tanga, mara upande huu wa bahari na mara upande ule. Kazi iliyowatenganisha babu zao imekuwa mchezo wa kuwakutanisha wajukuu.

Sababu ya pili ilitoka ardhini. Tarehe 27 Septemba, 1957, bahari ilianza kuchemka karibu na mnara wa taa wa Capelinhos, katika ncha ya magharibi ya Faial. Moshi na majivu vilipanda juu, na kwa muda wa miezi kumi na mitatu mlima wa moto uliendelea kutapika. Hakuna aliyeuawa, lakini mamia ya nyumba yaliharibika, na mashamba yalifunikwa kwa majivu hata ng'ombe wakakosa malisho. Mnara ule ungali umesimama, nusu yake imezikwa, na mbele yake pana nchi kavu ambapo zamani palikuwa na maji matupu.

Habari hizo zilipofika Marekani, wazao wa Azores hawakunyamaza. Walikuwa na kura, na waliokuwa wakiwapigia kura walizihitaji. Maseneta wawili, John Pastore wa Rhode Island na John F. Kennedy wa Massachusetts, walileta sheria ambayo mwaka 1958 iliwafungulia mlango wakulima wa Faial waliopoteza mashamba. Ruhusa 1,500 zilitolewa kwanza, na baadaye nyingine zikaongezwa. Kisha sheria ya mwaka 1965 iliwawezesha waliotangulia kuwaita ndugu zao wa karibu. Basi mmoja alimwita mwenzake, naye akamwita wa tatu, mpaka vijiji vikabaki na wazee. Mwaka 1950 Faial ilikuwa na watu zaidi ya 20,000. Siku hizi wamebaki kiasi cha 14,000.

Msafiri afikaye Fall River, mji wa viwanda usio mbali na New Bedford, huona majengo makubwa ya mawe ambamo zamani mashine za kufuma pamba zilinguruma usiku na mchana. Humo ndimo wanawake na wanaume wa kisiwa cha São Miguel walimofanya kazi. Zaidi ya theluthi moja ya wakaaji wa mji huo ni wa asili ya Kireno. Madukani huuzwa soseji za kitunguu saumu na mikate mitamu ya mayai, na katika uwanja mmoja limejengwa lango lenye matao matatu, mfano wa lango la Ponta Delgada, mji mkubwa wa São Miguel. Mzee anaweza kukaa chini ya lango hilo akadhani yuko kwao, mpaka baridi ya Januari imkumbushe.

Undugu ni kufaana, si kufanana, na watu hawa walifaana. Kwa miaka mingi magunia ya nguo yalisafirishwa kutoka Marekani kwenda visiwani. Siku ya kufungua gunia ilikuwa siku kubwa nyumbani; watoto waligombea kunusa harufu ya sabuni ya kigeni kabla hata ya kujaribu kanzu. Kadhalika maneno yalisafiri pamoja na nguo. Visiwani sweta huitwa "suera", na suruali ya kazi ya kipande kimoja huitwa "alvarozes". Yote mawili ni Kiingereza kilichogeuzwa na ulimi wa mkulima, kama vile sisi tulivyogeuza Kireno tukapata meza na leso.

Lakini kifungo kilicho imara kuliko vyote ni sikukuu ya Roho Mtakatifu. Katika kila kijiji cha Azores kipo chama cha watu wa kawaida ambacho hutunza taji la fedha. Katika majuma yafuatayo Pasaka, hasa Pentekoste ikiwadia, taji huchukuliwa kwa maandamano na kuwekwa kichwani pa mtoto au mtu asiye na cheo. Kisha ng'ombe huchinjwa, mchuzi wa nyama humiminwa juu ya mikate, na kila ajaye hulishwa bila kulipa. Waliohamia ng'ambo walilichukua taji pamoja nao. Leo maandamano hayo huonekana katika miji ya Massachusetts, huko Toronto, na hata katika bonde la San Joaquin la California, ambako watu wa kisiwa cha Terceira walikuwa wakamuaji na baadaye wakawa mabwana wa mashamba makubwa ya ng'ombe wa maziwa. Huko California huchezwa pia mchezo wa mafahali, ila sheria hairuhusu kumwaga damu. Basi mkuki hunata tu kwenye kitambaa kilichobandikwa mgongoni mwa fahali, naye hurudi zizini mzima.

Tena wako walioondoka zamani sana. Kati ya mwaka 1748 na 1756, kiasi cha watu 6,000 wa Azores walipelekwa kusini mwa Brazil, katika nchi ya Santa Catarina. Wazao wao walikaa miaka mia mbili bila barua wala jamaa wanaojulikana, lakini waliendelea kulibeba taji lile lile. Siku hizi vipo vyama vya watu wa Azores katika Lisbon, Rio de Janeiro, Toronto na miji mingine, na tangu mwaka 1997 vyama hivyo vina baraza moja la kuviunganisha.

Jumapili ya tano baada ya Pasaka ndege hujaa. Kutoka Boston mpaka Ponta Delgada ni mwendo wa saa tano hivi, na wana wa visiwa hurudi kuifuata sanamu ya Kristo wa Miujiza mitaani. Wengine huzunguka uwanja kwa magoti kutimiza nadhiri iliyowekwa hospitalini ng'ambo. Baada ya sikukuu huenda kutazama nyumba ya babu. Hapo ndipo shida nayo huonekana. Mlango umefungwa, paa linavuja, na shamba ni la warithi kumi na wawili, watatu wako Fall River, wanne Toronto, mmoja hajulikani aliko. Jirani mwenye ng'ombe angetaka kulinunua, lakini hawezi mpaka wote wakubali. Mkulima yeyote aelewa uchungu wa kuona magugu katika ardhi nzuri isiyo na mwenyewe wa kusema ndiyo au la.

Iko shida nyingine iliyo nzito kuliko hiyo. Wazazi wengi waliovuka bahari katika miaka ya 1960 na 1970 walichukua watoto wachanga. Walifanya kazi kwa bidii, walilipa kodi, wala hawakukumbuka, au hawakujua kusoma, zile karatasi za kuwaandikisha watoto kuwa raia. Mtoto alikua, akasema Kiingereza, akajihesabu Mmarekani. Kisha sheria ya mwaka 1996 ikakaza amri: mgeni aliyehukumiwa kwa makosa fulani, hata kama amekaa nchini miaka arobaini, atarudishwa alikozaliwa. Ndivyo watu zaidi ya elfu moja walivyorudishwa Azores kutoka Marekani na Kanada. Wengine walishuka Ponta Delgada hawajui kuomba maji kwa Kireno, wake na watoto wao wamebaki ng'ambo, na shangazi aliyewabeba walipokuwa wachanga amekwisha fariki. Haisemwi ya kuwa hawakukosa. Walikosa na wakahukumiwa. Lakini mwenzao aliyetenda kosa lile lile, ambaye baba yake alikwenda ofisini siku moja kujaza fomu, alitumikia kifungo akarudi nyumbani kwa watoto wake.

Wakubwa wa visiwa wamefanya juhudi kuwapa mahali pa kulala, kuwafundisha lugha na kuwatafutia kazi. Wako waliofaulu, wako walioshindwa. Wenyeji wengine waliwaogopa mwanzoni, wakasema hawa si wetu. Hata hivyo nyumba nyingi za visiwani zina mwana ng'ambo, na mama ahofuye mgeni leo aweza kesho kupata simu ya kuambiwa ya kuwa mgeni ajaye ni mjukuu wake.

Wazazi walio na vijana katika miji ya mbali na wazingatie hayo. Fedha zitumwazo nyumbani ni njema, na barua ni njema zaidi, lakini mtoto afundishwe lugha ya bibi yake, na karatasi zake zitengenezwe mapema, shwari ingalipo. Kule Azores, Pentekoste inapofika, meza hutandikwa barabarani na mchuzi hugawiwa. Aliyerudi kwa ndege kwa hiari yake huketi bega kwa bega na aliyerudishwa kwa nguvu, na mwenye kugawa mkate haulizi ni yupi.