Mama, mafao na swali lililonishinda

Wadau, samahani kwa ukimya. Nilikuwa na kikao kizito nyumbani, Kipawa.

Mama amestaafu ualimu mwaka huu na mafao ya mkupuo yameingia benki. Mnajua habari za hela zinavyosafiri! Siku hiyohiyo simu zikaanza. Mmoja ana kiwanja Chanika. Mwingine, mama mwenzake wa jumuiya, ana "mradi" wa kwenye simu: weka milioni moja, baada ya siku thelathini unachukua mbili. Jumapili nimekwenda kula, mama akaniuliza, "Baba, wewe ndiye msomi wetu. Hii hela niiweke wapi?"

Ndege ikapita juu ya bati, na Kipawa ndege ikipita mazungumzo yote yanasimama. Nilizishukuru zile sekunde, maana jibu sikuwa nalo.

La mradi lilikuwa jepesi. Nilimkumbusha DECI ya 2009, watu walipokuwa "wakipanda mbegu" na kungoja "kuvuna". Waliotangulia walilipwa kwa hela za waliofuata, mpaka Serikali ikaisimamisha. Hakukuwa na shamba lolote pale.

Lakini hata mimi sina usafi wa kumhubiria mtu. Miaka mitatu iliyopita niliandika habari ya kampuni fulani ambayo hisa zake zilikuwa zinapanda. Asubuhi nikaisoma habari yangu mwenyewe gazetini, nikaiamini! Nikatia mshahara mzima. Bei ikashuka, nikaingiwa na woga, nikauza kwa hasara. Miezi michache baadaye ikapanda tena, mimi sipo.

Tangu hapo nasoma takwimu kuliko vichwa vya habari. Tazama soko letu la Dar es Salaam. NMB iliuza hisa zake kwa wananchi 2008 kwa shilingi 600. Vodacom ikaja 2017, shilingi 850. Majina makubwa yote mawili. Aliyeshikilia NMB aliona bei ikivuka 5,000 mwaka 2024, lakini kabla ya hapo alivumilia miaka kadhaa bei imesimama palepale. Ya Vodacom ilishuka chini ya 850 na kukaa huko kwa miaka. Nani alijua mapema ipi itakuwa ipi?

Utasema wataalamu. Haya, mwaka 2008 tajiri Warren Buffett aliweka dau la dola milioni moja. Upande mmoja mfuko unaonunua tu kampuni 500 kubwa za Marekani bila kuchagua, upande wa pili mifuko mitano ya mabingwa wa kuchagua. Baada ya miaka kumi ule mfuko wa kawaida ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 125.8. Mabingwa, kwa wastani, asilimia 36.3. Ada zao zilikula sehemu kubwa ya faida.

Kwa hiyo kanuni ni chache, tena hazina raha: tawanya, kimbia ada kubwa, ongeza kidogo kila mwezi, usiuze kwa woga. Kwetu mtu wa kawaida ana mifuko ya pamoja kama ile ya UTT, iliyoanza na Umoja 2005. Ukiweka elfu hamsini kila mwezi na ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka (mfano tu, si ahadi), baada ya miaka 20 umetoa milioni 12 na una zaidi ya milioni 35.

Nikamweleza mama yote hayo kwa madaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka ishirini, baba? Mimi nina sitini."

Safari hii nilinyamaza bila msaada wa ndege.

Ule muda mrefu ninaouhubiri ni wangu, si wake. Tukachukua daftari, tukaanza upya. Kwanza hela ya mwaka mzima ya chakula na dawa, ikae mahali inapotoka upesi. Sehemu kubwa hatifungani za Serikali: zinaanzia milioni moja na hulipa riba kila miezi sita, kwa hiyo kwake ni kama mshahara mdogo. Kibubu hapana. Mwaka 2024 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3.1, na hela iliyolala hupungua kimyakimya. Kipande kidogo kwenye mfuko. "Hicho cha wajukuu," akasema, akinitazama. Sijampa hata mmoja.

Juzi mama wa mradi alipiga tena. Mama akamjibu, "Mwanangu kanikataza." Uongo! Kajikataza mwenyewe.

Mimi nimeanza na elfu hamsini, kila siku ya mshahara, na bei siichungulii. Na wewe mdau, kama una mzee anayekaribia kustaafu, kaa naye sasa, kabla simu hazijaanza.

Tuonane wiki ijayo.