Pima Upepo wa Tairi Kabla ya Chalbi

Lami kutoka Isiolo hadi Marsabit ni laini, na watoto husinzia kiti cha nyuma. Mambo hubadilika gari linapoiacha lami na kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr. Kwanza ni mawe meusi ya volkano, kisha Jangwa la Chalbi, ziwa la kale lililokauka likaacha chumvi, udongo na mchanga.

Huku, upepo wa tairi unaweza kuamua kama familia itafika kabla ya giza. Mzazi, anzia kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi, na ufuate kipimo cha gari lenye mzigo.

Ikiwa kipimo ni psi 35, kwenye mawe wengi hushusha hadi 28 hivi, tairi ipate kunepa badala ya kuchanika. Mchangani hushusha hadi 20 au 18. Tairi hulala, hukanyaga eneo refu zaidi na haizami upesi. Chini ya 15 inaweza kuchomoka kwenye rimu. Endesha polepole, wala usikate kona ghafla.

Kabla ya kurudi kwenye lami, jaza tena, kwani tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa hupata joto na kupasuka. Beba geji na pampu pamoja na maji ya kunywa. Mvua ikinyesha, Chalbi hugeuka tope. Hapo subirini ikauke.